Saa za usiku za Florida na minervali ya Uvira

Ndugu wasikilizaji, na ninyi ambao mlikosa kipindi na mnasoma hapa kwa simu, juma hili siongei juu ya bei ya unga wala juu ya barabara ya Kamanyola. Nitaongea juu ya hoteli za Florida, kule Marekani, na juu ya masaa ya usiku ambayo wageni wa hoteli hizo walikuwa wanapewa na sasa wengi wao hawapewi tena. Najua mtu atauliza: sisi tunahusika wapi? Kaa kidogo. Katika familia yetu jambo hili lilitaka kuvunja undugu, na nikizunguka mji kutoka Kavimvira mpaka Kalundu nakuta familia nyingi zinazogombana na ndugu zao wa ng'ambo kwa jambo la namna hiyo, bila kujua chanzo.

Kwetu ukisema parke, watu wanawaza Virunga au Kahuzi-Biega: sokwe, walinzi, bunduki. Parke ninazosema ni kitu kingine. Ni uwanja mkubwa wa burudani wenye uzio, na ndani yake kuna treni ndogo zinazopanda na kushuka kwa kasi mpaka watu wapige kelele, nyumba za giza za kuwatisha watu kwa mchezo, watu waliovaa kama wanyama wa katuni, na fataki usiku. Unalipa mlangoni, na si kidogo. Zinazojulikana kuliko zote ni zile za Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando. Ya kwanza ilifunguliwa Oktoba 1971. Leo ziko nne, na kuzizunguka kuna hoteli zaidi ya 20 za kampuni hiyo hiyo, na mabasi yake ya kupeleka wageni na kuwarudisha.

Anayelala katika hoteli za kampuni analipa zaidi ya yule anayetafuta chumba mjini. Ili akubali kulipa zaidi, kampuni inamwongezea vitu vidogo vidogo, na kwa miaka mingi kitu kilichopendwa sana kilikuwa muda. Tuseme parke inafungwa saa tatu usiku (nahesabu kwa Kiswahili, wenye Kifaransa waseme 21). Watu wa mjini wanatoka. Mgeni wa hoteli anabaki. Anaonyesha kadi ya chumba chake, au miaka ya baadaye kikuku cha plastiki alichovaa mkononi, na anaendelea kucheza na watoto wake mpaka saa sita usiku. Halipi kitu kingine.

Kwa nini usiku? Florida ni joto. Wakati wa likizo kubwa jua linachoma asubuhi, na alasiri mvua ya radi inanyesha karibu kila siku. Foleni ya mchezo mmoja inaweza kupita saa nzima, mtoto analia, baba amekasirika, mama anabeba mfuko. Usiku hewa imepoa, watu wamepungua, na mchezo ule ule unaupanda baada ya dakika chache. Familia ya mfanyakazi wa kawaida, iliyoweka akiba muda mrefu kwa safari hiyo moja, ilipata kwa usiku mmoja vitu ilivyokosa kwa siku mbili. Sisi hapa tunafunga mlango mapema na kusikiliza mbwa wanabweka upande gani, kwa hiyo ni vigumu kumwelewa mtu anayetaka kutembeza watoto saa tano usiku. Lakini huo ni usiku wenye taa kila mahali na basi la kukurudisha kitandani.

Masaa hayo hayakukatwa siku moja. Kwanza yalikuwa matatu, yakawa mawili. Halafu ikaja corona. Parke za Disney za Florida zilifungwa katikati ya Machi 2020, zikaanza kufunguliwa tena Julai mwaka huo huo, na masaa ya nyongeza hayakurudi nazo. Oktoba 2021 ukaja mpango mpya. Kila mgeni wa hoteli za kampuni anaingia dakika 30 kabla ya watu wengine, kila asubuhi, katika parke zote nne. Na usiku? Saa mbili, usiku fulani fulani tu, na kwa wale tu wanaolala katika hoteli za bei ya juu, ambako chumba kinaweza kugharimu mara mbili au mara tatu ya chumba cha hoteli za chini. Wa bei ya kati na wa bei ya chini wamebaki na ile nusu saa ya asubuhi. Mshindani wao aliye jirani, Universal, naye anawapa wageni wa hoteli zake nafasi ya kuingia mapema asubuhi.

Niseme haki: kampuni ina hoja. Zamani masaa ya ziada yalikuwa katika parke moja siku hii, parke nyingine kesho yake, na wageni wote wa hoteli walikimbilia pale penye nyongeza. Parke hiyo ilijaa mchana kutwa, na waliokuja bila hoteli walikula hasara. Nusu saa kila mahali inawagawa watu vizuri. Pia usiku una gharama. Treni haiendeshwi na upepo; inataka mtu wa kuiendesha, mtu wa kufunga mikanda, mtu wa kuokota takataka, mpishi, dereva wa basi. Na mara wageni wanapotoka, mafundi wanaingia kukagua mashine na wengine wanaosha njia mpaka alfajiri. Ukiwaongezea wageni saa moja, umempunguzia fundi saa moja.

Hoja hiyo naikubali nusu. Maana usiku wenyewe haukufa. Kuna sherehe za usiku katika ile parke ya kwanza, za Halloween kuanzia Agosti mpaka Oktoba na za Noeli mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, zenye tiketi ya pembeni inayopita dola 100 kwa mtu mmoja. Siku ya sherehe, mwenye tiketi ya kawaida anatolewa saa kumi na mbili jioni, hata kama amelala katika hoteli ya kampuni. Treni zinaendelea kukimbia, taa zinawaka, mafundi wanangojea kama zamani. Kwa hiyo hawakusema usiku ni ghali mno kuufungua. Waliweka bei nyingine mlangoni, na aliyekuwa anapata bure akabaki nje.

Kwa mtalii sitatoa machozi mengi. Mtu aliyefika Florida kwa ndege na watoto wanne ana shida ndogo kuliko mama wa Bibokoboko anayelala kanisani. Ninachotaka tufuatilie ni zamu ya mfanyakazi.

Mama yangu mkubwa ana binti ambaye kwetu tunasema ni dada yangu, si binamu. Jina lake naliacha. Alikimbia Fizi akiwa mdogo, akavuka ziwa, akakulia Nyarugusu, ile kambi ya Kigoma iliyofunguliwa 1996. Ninyi wenye watu Nyarugusu mnajua: mahojiano, vipimo, kungoja, tena mahojiano. Mwaka 2016 jina lake likatoka, akapelekwa Marekani, na mwishowe akafika Florida. Wakongomani wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa na nchi ile, na wengi wao kazi ya kwanza waliyopata ni ile isiyodai Kiingereza kingi: kiwanda cha nyama, ghala, kufua mashuka, kusafisha hoteli. Dada yangu alipata usafi, kwa kampuni ndogo inayokodiwa na hoteli moja ya bei ya kawaida katika eneo lile la parke. Jina la hoteli na la kampuni hayana faida hapa.

Alifanya usiku. Wageni walipokuwa wanarudi saa saba na watoto waliolala mabegani, wakitaka chakula, wakimwaga juisi kwenye zulia, wakijaza vyoo vya chini, yeye na wenzake ndio waliokuwepo. Usiku tano kwa juma. Tofauti ya saa kati ya Uvira na kule ni sita, au saba kufuatana na majira, basi alipopumzika usiku wa manane huku tulikuwa tunafagia uwanja. Mama mkubwa alizoea kwamba ujumbe wa sauti unaingia kabla chai haijachemka. Na kila mwezi dola 100 ziliingia kwa M-Pesa.

Halafu ikaja 2020, mwaka ambao hapa hatuhitaji kukumbushwa. Machi parke zilifungwa, hoteli zikabaki tupu, dada yangu akaambiwa angoje nyumbani. Aprili mto Mulongwe ukatoka njia yake na kubeba nyumba za watu. Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa moja ya hizo. Kwa hiyo mwezi ule ule mtoto aliyekuwa anatuma alikosa, na mama aliyekuwa anatumiwa alipoteza sufuria, godoro na paa. Septemba mwaka huo kampuni ya Disney peke yake ilitangaza kuwaondoa wafanyakazi 28.000 katika Marekani, na karibu theluthi mbili yao walikuwa wale wasio wa kazi kamili. Dada yangu hakuwa wa kwao, lakini wageni walikuwa wale wale.

Kazi ilirudi mwaka uliofuata, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Hapa Uvira watu walisikia: corona imeisha Marekani, ndege zimejaa, hoteli zimejaa. Ilikuwa kweli. Lakini dola 100 hazikurudi. Zilikuja 60, mwezi mwingine 40, mwezi mwingine ujumbe tu: "Mama, masaa yamepunguzwa." Mjomba akasimama mbele ya watu wote na kusema mtoto ameshapata bwana, amesahau alikotoka. Mwingine akasema kwamba nchi yenye kazi haiwezi kumkosesha mtu kazi. Mama mkubwa hakusema kitu, na kwake huo ndio ubaya mkubwa.

Neno lenyewe ndilo lilitupoteza. Hapa mshahara ni wa mwezi. Mwalimu anahesabu mwezi, askari anahesabu mwezi, hata kama pesa yenyewe haiji. "Masaa yamepunguzwa" katika masikio yetu ni habari njema, mtu amepewa mapumziko. Kule, msafishaji wa hoteli hana mwezi. Ana saa. Asipoandikwa kwenye ratiba, hakuna pesa, na ratiba inatoka siku chache tu kabla ya juma kuanza. Anayeahidi pesa ya mwezi ujao anaahidi kitu ambacho msimamizi wake bado hajakiandika.

Nikamwomba anitumie picha ya ratiba. Alituma tatu, za majuma matatu. Nikaenda nazo Kasenga, mama mkubwa anakopanga vyumba viwili tangu mafuriko, mjomba naye akaitwa. Niliwasomea. Juma la kwanza: saa 24. Juma la pili: saa 24. Juma la tatu: saa 26. Zamani alikuwa na 40. Tukahesabu pamoja kwa kijiti chini. Kwa saa moja alilipwa dola 13. Akikosa usiku mbili za saa nane, amekosa saa 16, ni dola 208 kwa juma moja, kabla serikali haijakata kodi yake. Na kodi ya nyumba kule haipungui kwa sababu wageni wamelala mapema.

Mjomba akauliza kitu cha maana: hoteli imejaa, kwa nini kazi ipungue? Nikampa jibu alilonipa dada mwenyewe. Wageni wa hoteli yake si wa bei ya juu. Mpango mpya ulipokuja, wao usiku hawana tena cha kufanya parke. Wanarudi mapema, wanalala mapema, kwa sababu ile nusu saa ya kwao ni ya asubuhi na mwenye kuchelewa ameikosa. Jikoni la usiku linafungwa saa nne. Basi msimamizi akaona watu sita wa usiku ni wengi, wanatosha watatu. Masaa mengine yakahamia alfajiri, kwa wale wanaoweza kufika saa kumi alfajiri. Dada yangu hana gari. Anapanda gari la mwenzake wa Haiti na wanachangia mafuta, siku ambazo zamu zao zinalingana.

Kuna jambo lingine ambalo hapa wengi hawalijui. Sheria ya Marekani ya bima ya afya inamhesabu mtu kuwa mfanyakazi kamili akifikisha wastani wa saa 30 kwa juma, na mwajiri mkubwa anatakiwa kuwapatia bima wafanyakazi kamili. Chini ya 30, hadaiwi. Kwa hiyo saa 24 au 26 si pesa ndogo tu. Jino likiuma, anameza dawa na kungoja. Sisemi kwamba msimamizi alilipanga hivyo kwa makusudi. Nasema kwamba mstari uko pale, na dada yangu alikuwa chini yake.

Mtu atasema mishahara imepanda kule, na ni kweli. Vyama vya wafanyakazi vya Disney Florida vilipigana mpaka wakakubaliwa, mwaka 2018, kima cha chini cha dola 15 kwa saa ifikapo Oktoba 2021, na mwaka 2023 wakapata 18. Wananchi wa jimbo walipiga kura 2020 ili kima cha chini cha wote kipande kidogo kidogo mpaka 15 mwaka 2026. Ni ushindi, na naupenda. Lakini hiyo ni bei ya saa moja. Idadi ya masaa haimo katika kura ile, na dada yangu, aliye katika kampuni ndogo ya kukodiwa, hana chama cha kumwulizia.

Mjomba alitazama hesabu ya chini kwa muda, halafu akaifuta kwa mguu na kusema anakwenda kutafuta motari, giza linaingia. Hakuomba msamaha, mjomba haombi. Lakini Jumapili iliyofuata alimpigia simu mtoto yeye mwenyewe, na akaweka unite yake mwenyewe, jambo ambalo halijatokea tangu nimjue.

Nawaambia haya ninyi wenye watu Texas, Ohio, Kentucky, Ulaya, popote, na hasa ninyi mliotoka milimani au bonde la Ruzizi na mnaishi kwa kile mtoto anachotuma. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na waliokuwa wameshafungasha mizigo kambini walirudishiwa mizigo yao. Wale waliokwisha kufika ndio wanaobeba wote waliobaki. Kabla ya kusema mtu amesahau kwao, mwulize swali moja: juma hili umeandikiwa saa ngapi? Kama anataka, atume picha. Kama hataki, mwacheni, maana kuna watu wanaona aibu kuonyesha kwamba Marekani yao ni saa 24. Na kwenu mlio ng'ambo mnaosoma hapa, semeni idadi. "Mambo ni magumu" hapa kila mtu anaisema, hata mwenye duka. Idadi inaeleweka.

Sisi tulibadilisha mpango. Dada yangu hatumi tena kila mwezi. Anatuma kwa ajili ya vitu viwili tu, kodi ya vyumba vya Kasenga na minervali ya watoto wawili wa marehemu kaka yake. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, lakini hao wako sekondari, na prefe hajui habari za Disney. Mboga na sabuni ni juu ya sisi wa hapa.

Na zile sherehe za tiketi ya pembeni, nilizozisema vibaya kule juu, zina mkono wao. Kuanzia Agosti, siku ya sherehe, wageni wa hoteli yake wanatolewa parke saa kumi na mbili jioni na kurudi wote kwa pamoja na njaa. Jikoni linazidiwa. Mwaka jana msimamizi alimwita jioni nne za Septemba kuosha vyombo, saa tano kila jioni. Hapa shule zilikuwa zimefunguliwa juma lile. Mkubwa alilipiwa yote, mdogo nusu, na prefe alikubali kungoja mpaka Noeli.